Mama ameanguka bafuni na sisi wanawe tuko mbali: saa janja, kamera, au kitu kingine?

Mwana wa Pangani (swali)

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kutumia vifaa vyenye akili mnemba kwa ajili ya wazazi wao, si wa waliosoma matangazo tu.

Mama yetu ana miaka 74 na anaishi Pangani katika nyumba aliyoiacha marehemu baba, nyumba ya ua yenye bafu upande wa nyuma. Ana presha na anatumia vidonge vya aina mbili, lakini anatembea vizuri na anapika mwenyewe, na binti anayemsaidia kazi hurudi kwao kila siku baada ya magharibi. Ramadhani iliyopita aliamka kula daku, akaingia bafuni, akateleza au akapata kizunguzungu (yeye mwenyewe husimulia mara hivi, mara vile), akabaki sakafuni na kata yake mkononi. Aliyemwokoa ni jirani. Wawili hao wana mazoea ya miaka mingi ya kugongeana ukuta kabla ya adhana ya alfajiri, na siku hiyo jirani aligonga mara tatu bila kujibiwa, akajifunga kanga akaja. Mama hakuvunjika popote, alhamdulillahi, ila sisi tulipata habari siku ya tatu, na kwa jirani huyo huyo, kwa sababu mama alikuwa amemkanya asitupigie simu tusije tukaacha kazi zetu "kwa ajili ya kuteleza".

Mimi niko Dar es Salaam, kaka yuko Muscat, dada yuko Arusha. Kaka anataka kutuma saa janja inayotambua kuanguka. Dada anataka kamera mbili, moja sebuleni na nyingine kwenye ukumbi unaoelekea bafuni, zenye programu itakayotujulisha ikiona jambo lisilo la kawaida. Mimi nina mashaka na vyote viwili lakini sina hoja ya kitaalamu, na katika kikao cha familia asiye na hoja hupitwa. Umeme ni wa LUKU (wa kulipia kabla), mtandao wa simu unashika vizuri sebuleni ila bafuni unafifia, na mama anatumia simu ya batani. Simu janja tuliyompa ameifungia kabatini pamoja na kanga zake za Idi. Je, vifaa hivi vinafanya kazi kweli katika nyumba kama hii? Na kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, kiwe kipi?

Muuguzi Mstaafu

Pole kwa mama, na poleni nyote. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa katika kliniki ya presha na kisukari, kwa hiyo niruhusu nianze nyuma kidogo ya swali lako. Mzee wa vidonge viwili vya presha aliyetoka usingizini akasimama ghafla ni mtu ambaye ningependa kwanza kujua presha yake ikoje akiwa amelala na ikoje akishasimama. Ikiwa namba ya juu inashuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu tangu asimame, basi kizunguzungu chake kina jina na kina tiba, na huenda tiba yenyewe ni kubadilishiwa kidonge tu au saa ya kukimeza. Wakati wa Ramadhani watu wengi huhamishia dawa zao kwenye futari au daku bila kumwuliza daktari, na zile za kupunguza maji mwilini zikimezwa usiku humwamsha mtu kwenda msalani gizani. Saa itakayotoka Muscat hailijui hilo.

Ndiyo maana kifaa changu cha kwanza ni mashine ya presha yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko. Siku hizi zipo zenye programu inayotambua mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio wakati mashine inapima, na kwa mzee hilo si jambo dogo, kwa kuwa mapigo ya namna hiyo ni chanzo kinachojulikana cha kiharusi. Baadhi yake hutuma vipimo hadi kwenye simu ya mtoto aliye mbali. Mkanda uenee mkono wa mama, kwa maana ukiwa mdogo kuliko mkono, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, mkono uko usawa wa moyo, na asizungumze. Hili la mwisho, kwa uzoefu wangu, ndilo linalowashinda mama zetu wengi. Ipo pia saa ya Samsung inayopima presha kwenye kifundo cha mkono, lakini hudai isawazishwe kwa mashine ya mkanda kila baada ya siku 28, kwa hiyo mwenye saa hiyo hajaepuka kuwa na mashine.

Ninaongeza tahadhari moja kwa kaka, kwa sababu saa nyingi hujinadi pia kwa kupima oksijeni. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba vipimo vya kidoleni, vinavyopitisha mwanga kwenye ngozi, vilikosa kuuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya vilivyoukosa kwa weupe. Hizo zilikuwa mashine za hospitali. Saa nayo hutegemea mwanga, basi namba nzuri kwenye kioo isiwazuie kumpeleka mama hospitali ikiwa anahema kwa shida.

Bafu lenyewe mlishughulikie wiki hii: zulia la mpira lisiloteleza, bomba la kushikilia lililokitwa ukutani kwa saruji, kigoda kizito cha kukalia anapooga, na taa ndogo inayojiwasha mtu akipita. Vyote vinapatikana kwa maduka ya vifaa vya ujenzi Tanga mjini.

Mtunza Wazee, Leeds

Naafikiana na muuguzi, nami nitazungumzia kile kinachotokea baada ya mtu kuanguka, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ninahudumia wazee majumbani mwao hapa Uingereza, na takriban nusu yao wana kidude cha kuvaa shingoni chenye kitufe, ambacho mtu akikibonyeza, au kikihisi ameanguka, huita kituo chenye watu wanaopokea simu usiku na mchana. Nikiingia asubuhi, jambo la kwanza ninalotazama ni kidude hicho kiko wapi. Mara nyingi hukikuta kimetundikwa kwenye msumari wa taulo, kimekauka vizuri, kwa sababu mwenyewe alikivua ili aoge na mvuke "usikiharibu", ingawa kimetengenezwa kustahimili maji. Bafuni ndiko wanakoanguka, na bafuni ndiko wanakovua. Wengine hukivua wageni wakija, kwa kuona kwamba kinawatangaza kuwa wamezeeka. Mama aliyefungia simu janja kabatini, saa yake itafuata njia hiyo hiyo kama hakuitaka yeye.

Halafu fikirini ni nani anayeitikia. Apple iliweka utambuzi wa kuanguka katika saa yake mwaka 2018: ikihisi kishindo humgonga mwenyewe mkononi na kupiga king'ora, na asipojisogeza kwa takriban dakika moja huipigia simu namba ya dharura, kisha huwatumia ujumbe ndugu walioorodheshwa. Hapa nilipo, namba hiyo hufuatwa na gari la wagonjwa, na kwenye ukuta wa nje wa nyumba kuna kisanduku chenye ufunguo kinachofunguliwa kwa tarakimu wanazozijua. Kwetu 112 hupokelewa na polisi. Ujumbe utamfikia kaka Muscat saa kumi alfajiri, naye atampigia nani? Atampigia jirani. Basi jirani awe wa kwanza kwenye orodha, awe na ufunguo wa akiba wa mlango wa ua, na alipwe vocha ya simu kila mwezi bila kuombwa. Na ile amri ya mama ya kumkanya asipige simu, nendeni mkaifute ana kwa ana mbele ya wote wawili.

Kuhusu kamera nitasema jambo moja. Mama yenu hutoka bafuni akiwa na upande mmoja wa kanga. Picha hizo zitapita kwenye kompyuta za kampuni msiyoijua na kutua kwenye simu ya mkwe. Hakuna mzee niliyemhudumia, Mzungu au Mwafrika, aliyelizoea jambo hilo. Wanachofanya ni kuifunika kamera kwa kitambaa.

Fundi Mitambo

Nimesoma maoni yote, na ninaona kwamba jibu limo ndani ya swali lenyewe, pale kwenye ukuta unaogongwa.

Vifaa hivi viko vya namna mbili. Vya kwanza hutafuta tukio. Ndani ya saa kuna kihisi kinachopima mabadiliko ya mwendo na kingine kinachopima mzunguko wa mkono, na programu imefunzwa kutambua mfululizo huu: mwili unapoteza uzito kwa sehemu ya sekunde, kunatokea kishindo kikubwa, kisha kimya. Anayejikwaa na kuporomoka hutambuliwa vizuri. Anayeteleza taratibu huku ameegemea ukuta, akaishia kukaa chini asiweze kuinuka, hana kishindo cha kutambuliwa, na maelezo ya mama yako yananifanya nihisi kwamba ndivyo alivyoanguka yeye. Upande wa pili kuna makosa ya kinyume. Mama mkubwa wangu alivalishwa saa ya kampuni moja, nayo ikampigia mwanawe simu mara mbili katika Jumamosi moja kwa kudhani ameanguka, kumbe alikuwa anatwanga kisamvu. Inapigwa mchi, inatulia, inauliza kama mzima. Hilo halishangazi ukijua jinsi programu za aina hii zinavyofunzwa, kwani ni vigumu kumwomba mzee ajiangushe kwa ajili ya utafiti. Mkusanyo mmoja wa data unaotumiwa sana, SisFall wa nchini Colombia, uliochapishwa mwaka 2017, una watu 38. Vijana 23 ndio walioigiza kuanguka, na katika wazee 15 aliyekubali kuigiza ni mmoja tu, mwenye miaka 60, naye ni mtaalamu wa judo. Kinu na mchi sidhani kama kuna aliyevifikiria.

Namna ya pili haitafuti kuanguka kabisa. Hutafuta zoea lililokosekana, kama jirani alivyofanya. Wajapani waliliona hili mapema: tangu mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi imekuwa na birika la umeme linalowatumia watoto barua pepe mara mbili kwa siku kueleza mzazi amechemsha au kumimina maji saa ngapi. Mzee havai kitu, hajifunzi kitu, anakunywa chai yake. Siku birika likikaa kimya, mtoto anapiga simu. Kwa nyumba ya Pangani ningefunga vihisi vitatu vidogo vya mwendo vinavyotumia betri, chumbani, ukumbini na jikoni, pamoja na kimoja cha mlango wa bafu. Vyote huzungumza na kisanduku kimoja kilichoko sebuleni ambako mtandao unashika, chenye laini ya simu na betri ya akiba kwa ajili ya umeme ukikatika. Kihisi cha namna hii hakina jicho wala sikio. Kinachojua ni kwamba kitu chenye joto kimepita. Programu hukusanya nyakati kwa wiki kadhaa, ikishajua mama huamka kati ya saa ngapi na saa ngapi na bafuni hukaa kwa muda gani, hutuma ujumbe pale mlango wa bafu ulipofunguliwa kuingia na hakuna mwendo uliofuata ukumbini. Nakiri kwamba baadhi ya vinavyouzwa kwa jina la akili mnemba ni saa ya kengele iliyovishwa suti, lakini kwa kazi hii hata saa ya kengele ingesaidia.

Mtakutana na tatizo moja ambalo mwongozo wa kifaa hautaji. Programu iliyojifunza mazoea ya Shaaban itashangaa usiku wa kwanza wa Ramadhani. Mtu aliyekuwa akiamka saa kumi na moja sasa anazunguka jikoni saa tisa na nusu, mchana halali wala hapiki, na ninyi mtapata ujumbe mpaka mzime simu. Mwambieni atakayewafungia awaonyeshe jinsi ya kuiambia programu kwamba ratiba imebadilika, la sivyo mtazoea kuupuuza ujumbe wake katika mwezi ule ule aliouangukia.

Zipo pia rada ndogo za ukutani zinazotambua umbo la mtu aliyelala sakafuni bila kupiga picha. Ni nzuri, na zingefaa bafuni, ila zinahitaji umeme wa kudumu na mtandao thabiti, na kwa maelezo yako bafu lenu halina mtandao huo. Saa ya kaka siipingi moja kwa moja, lakini ajue kwamba betri ya Apple Watch ya kawaida kampuni yenyewe huitaja kuwa ya saa 18 hadi 24 kutegemea toleo, maana yake lazima ivuliwe na kuchajiwa kila siku, na aghalabu huvuliwa usiku.

Mwisho, taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mnapochagua, mwulizeni muuzaji kama taarifa zinakaa ndani ya kisanduku au zinapelekwa nje ya nchi. Akibabaika, tafuteni mwingine.

Mwalimu wa Zamani, Mombasa

Mimi nina miaka 71, naishi peke yangu, na katika mazungumzo haya yote nadhani mimi ndiye peke yangu ninayefanana na mama. Wanangu walinifungia vihisi kama hivyo alivyoeleza Fundi, bila kuniuliza. Niligundua siku binti yangu aliponipigia kuniuliza kwa nini nimeamka mara nne usiku. Nilikasirika kwa muda wa wiki mbili, kisha nikawaita tukakubaliana: wataarifiwe nisipoonekana hadi saa moja asubuhi, na habari ya mara ngapi nimekwenda msalani waniachie mimi na daktari wangu. Tangu hapo sina ugomvi navyo.

Msimnunulie kifaa cha kuzungumza naye, hata kama kimesifiwa namna gani. Siri na Alexa hazina Kiswahili, na mtu wa makamo yetu hatajifunza Kiingereza ili awashe taa. Hiyo simu janja iliyofungiwa kabatini, kwa upande mwingine, inaweza kumfaa: kibodi ya Google huandika Kiswahili unachokitamka, tangu mwaka 2017. Macho yangu hayaoni herufi ndogo, lakini ujumbe huu nimeuandika kwa kusema, nikasahihisha maneno machache. Mwonyesheni hilo moja tu. Mengine atayauliza mwenyewe.

Mwana wa Pangani

Ninawashukuru nyote, na samahani kwa kukawia kujibu. Nilitaka kwanza nifike nyumbani.

Mashine ya presha imenunuliwa. Nilimpima mama amelala, kisha amesimama, nikaona namba ya juu imeshuka kutoka 148 hadi 121, nikampeleka kwa daktari na karatasi yangu. Amepunguziwa kidonge kimoja na kingine amehamishiwa asubuhi. Fundi wa mtaani amekita bomba bafuni, na kigoda kipo, ingawa nilichokikuta juu yake asubuhi ya pili ni ndoo.

Habari ya vifaa niliizungumza na mama pamoja na jirani barazani, kama mlivyoelekeza. Kamera aliikataa kabla sijamaliza sentensi. Saa aliigeuzageuza, akauliza kama inaonyesha nyakati za sala, nikasema inaonyesha, akasema azijua kwa adhana. Vihisi alivikubali baada ya kukishika kimoja na kuhakikisha hakina kioo cha kumwonea, kwa sharti ambalo sikulitarajia. Aliniuliza, "Na mimi nitajuaje kama ninyi mmeamka?" Kwa hiyo sasa sisi watatu tunapaswa kumpigia kila mmoja kwa siku zake kabla ya saa mbili asubuhi, na wiki hii kaka amechelewa mara moja, akapigiwa simu Muscat kutoka simu ya batani, kwa gharama yake mama. Jirani ana ufunguo. Ukuta wanaendelea kuugonga.

Fundi, nimebakiwa na swali moja. Kihisi cha ukumbini kinaandika mwendo saa nane usiku kila siku, na mama anaapa kwamba saa hizo amelala. Nimegundua ni paka. Nifanyeje?

Fundi Mitambo

Kihamishie usawa wa kifua, kitazame mbele wala kisiinamie chini, kisha ziba nusu ya chini ya kioo chake kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Mama ataonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, na paka atapita zake. Angalia tu kusiwe na kabati anakopenda kupanda.